Chumvi ya nani tuliyokula?

Na Mratibu wa Miradi

Ndugu wasomaji, tumezoea kuwaletea katika kurasa hizi taarifa za visima, miche ya miti na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii naomba mnivumilie, maana nitazungumzia maneno matatu tu ya Kiingereza. Maneno hayo yalitaka kutuvunjia kamati moja ya maji, na nadhani wanakamati pamoja na wafadhili wetu watanufaika wakijua yaliyotokea.

Jambo lenyewe lilianza kwa barua. Marafiki zetu wa nje ya nchi, ambao wamechangia mradi wa maji ya mserereko katika mtaa mmoja ulioko milimani, wilayani Kilosa, waliiandikia kamati moja kwa moja. Barua ilikuwa njema. Walishukuru kwa picha, wakaulizia afya ya wazee, wakaeleza kwamba kuanzia mwaka unaofuata wangependa kamati yenyewe itunze daftari la fedha badala ya kusubiri ofisi ya dayosisi iwafanyie. Kisha wakaandika, kwa nia ya kutia moyo, kwamba kamati yoyote iliyo "worth its salt" hutunza hesabu zake yenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa safarini. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akaombwa kutafsiri, akafanya kazi yake kwa uaminifu, neno kwa neno. Jumapili baada ya ibada barua ikasomwa mbele ya kamati na baadhi ya washarika: "Kamati yoyote yenye thamani ya chumvi yake huweka vitabu vyake."

Mtunza hazina wa kamati ile ni mama wa makamo ya juu, mjane, ambaye kwa miaka sita amehifadhi stakabadhi zote katika kopo la maziwa ya unga, kila stakabadhi imekunjwa mara mbili na kufungwa kwa uzi kwa kila mwezi. Aliposikia sentensi ile aliuliza mambo mawili. La kwanza, kama thamani yao ni chumvi, yaani kitu cha bei ya chini kuliko vyote dukani ukiondoa kiberiti, kwa nini waliombwa kufanya kazi? La pili lilikuwa zito zaidi. Aliuliza: "Chumvi ya nani tuliyokula?"

Msomaji wa Kiswahili anaelewa uzito wa swali hilo. Kwetu "kula" fedha za watu ni kuiba. Mtu akisikia barua ya mfadhili inataja hesabu, daftari na chumvi "yake" kwa pamoja, si ajabu akahisi anatuhumiwa. Mama akaweka ufunguo wa sanduku mezani, akachukua kanga yake, akaenda nyumbani. Nilipofika Kilosa siku ya Jumatano, Mchungaji alikuwa ananisubiri na ufunguo huo mfukoni.

Nianze na maana ya usemi wenyewe. Mwingereza anaposema mtu fulani ni "worth his salt", anasema kwamba mtu huyo anaijua kazi yake na anastahili ujira anaopewa. Chumvi hapa si bei ya mtu. Ni jina la zamani la malipo, au tuseme riziki, na kipimo ni kama kazi ya mtu inalingana na riziki hiyo. Kwa hiyo ni sifa. Ila ni sifa yenye makali kidogo, kama nitakavyoeleza.

Usemi huu hauna miaka elfu kama wengine wanavyodhani. Katika maandishi ya Kiingereza unaonekana mwanzoni mwa karne ya 19. Mfano mmoja wa mapema sana uko katika kitabu cha Philip Beaver, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, kilichotoka mwaka 1805. Kinahusu jaribio la Waingereza kuanzisha makazi katika kisiwa cha Bulama, kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Guinea-Bissau. Humo usemi unatumika kwa mfanyakazi aliyekuwa msaada mkubwa, kisha siku za mwisho akawa hafai. Inanifurahisha kidogo kwamba usemi uliotugonganisha sisi Kilosa uliandikwa na mtu aliyekuwa akilalamikia wafanyakazi wake katika bara hili hili.

Kuna simulizi maarufu kwamba askari wa Roma ya kale walilipwa kwa magunia ya chumvi, na ndiko usemi ulikotoka. Utaisikia katika semina, na mimi mwenyewe niliwahi kuisimulia. Ukweli wake ni nusu. Neno la Kilatini la malipo ya askari na watumishi, salarium, limetokana na sal, yaani chumvi, na ndilo lililozaa neno la Kiingereza la mshahara, salary. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, naye aliliunganisha neno hilo na chumvi. Lakini hakuna ushahidi wa kale unaoonyesha askari wakipanga foleni kupimiwa chumvi badala ya fedha. Kilicho hakika ni kwamba neno la malipo lilibeba chumvi ndani yake, na Waingereza, karne nyingi baadaye, waliendelea kuvifikiri vitu hivyo viwili pamoja.

Hawakuwa peke yao. Katika kitabu cha Ezra, sura ya 4, maofisa wa mfalme wa Uajemi wanamwandikia barua wakijitambulisha kuwa watu wanaokula chumvi ya nyumba yake, na kwa sababu hiyo hawawezi kukaa kimya akivunjiwa heshima. Huko India mtumishi mwaminifu huitwa namak halal, yaani aliyeihalalisha chumvi aliyopewa, na msaliti huitwa namak haram. Maneno halal na haram sisi tunayafahamu bila kutafsiriwa. Kwa watu hao wote, kula chumvi ya mtu ni kuingia katika deni la uaminifu kwake.

Sasa turudi kwetu, maana chumvi haikuwa kitu cha bei ndogo katika nchi hii. Leo tunanunua paketi ya chumvi yenye madini joto bila hata kuhesabu chenji. Lakini kwa mababu zetu wa bara, mbali na bahari, chumvi, au munyu kama inavyoitwa pia, ilikuwa kazi. Mahali pengi watu walichoma majani na matete ya kwenye maji, wakachuja majivu na kuchemsha yale maji mpaka ikabaki chumvi chungu chungu. Chumvi nzuri ilitoka sehemu chache. Iliyojulikana zaidi ni ya Uvinza, karibu na Mto Malagarasi, ambako maji ya chumvi hutoka ardhini. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walichemsha chumvi pale kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika karne ya 19 chumvi ya Uvinza ilibebwa vichwani na mabegani kwenda mbali pande zote, na Richard Burton, aliyepita Usagara mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliitaja katika maandishi yake. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, Uvinza ikawa kituo kwenye njia ile ile inayopita Kilosa.

Kwa hiyo mtu wa karne ya 19 aliyeishi katika bonde la Mkondoa asingecheka kusikia kwamba mtu analipwa chumvi. Pengine angeuliza kiasi gani.

Hata hivyo, neno ambalo kwetu lilifanya kazi ya chumvi ya Waingereza si chumvi. Ni posho. Wapagazi wa misafara iliyopita Usagara kwenda Unyamwezi walikuwa na ujira wao, na pamoja na ujira walipewa posho ya njiani, mara nyingi kwa vipande vya nguo au shanga ambavyo walibadilisha kwa chakula vijijini. Mpaka leo Mganda akisema posho anamaanisha unga wa mahindi au ugali wenyewe. Sisi tumelipeleka neno hilo kwenye bahasha ya semina, na tumelipeleka mbali mno, lakini hilo ni la siku nyingine.

Ukitaka kuona usemi wa Kiingereza ukitembea kwa miguu katika wilaya yetu, basi ni katika mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea Tanga, ukafika pia huku kwetu Kimamba, Rudewa na kwingineko kandokando ya reli. Vibarua waliotoka mbali, walioitwa manamba, walifanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, kwa mfano idadi ya mafungu ya majani ya mkonge, siku yako inatiwa alama. Usipomaliza, siku haipo, hata kama ulitoka jasho tangu alfajiri. Mshahara ulikuja nafasi zote 30 zilipojaa, na kwa wengi hilo lilichukua zaidi ya mwezi mmoja.

Mzee mmoja wa Rudewa, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kunieleza jinsi posho ilivyogawiwa: unga, maharage, na chumvi kwenye karatasi iliyosokotwa. Alisema nyapara akikasirika husema kibarua fulani "anamaliza chumvi ya bwana bure." Sina namna ya kujua kama nyapara yule alikuwa akitafsiri Kiingereza cha bwana wake au alilitunga mwenyewe. Lakini maana ni ile ile kabisa, tena kwa Kiswahili, tena Kilosa. Na angalieni nani anasema na nani anasemwa. Anayesema ndiye mwenye chumvi. Anayesemwa ndiye anayepimwa.

Hapo ndipo penye makali niliyoyataja. Usemi huu husemwa na anayelipa, au na mtu anayejiweka mahali pa anayelipa. Na mara nyingi unakuja kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kukanusha, kwamba mtu fulani "si" worth his salt, yaani hafai, anakula bure. Ya pili ni ya jumla: mwalimu yeyote, fundi yeyote, kamati yoyote iliyo worth its salt hufanya jambo hili au lile. Hiyo ya pili inasikika kwa upole, na Waingereza huitumia hata magazetini bila kinyongo. Lakini ndani yake kuna kipimo. Kama wewe hufanyi jambo hilo, basi umekwisha kuhukumiwa pasipo kutajwa jina. Kwa hiyo Mama Mtunza Hazina alikosea maneno, lakini hakukosea sana hisia. Alisikia kwamba kuna mtu anampima.

Kwa wale wanaotafsiri barua zetu, ushauri wangu ni huu: liacheni neno chumvi kabisa. Kiswahili kina njia zake za kusema jambo hilo. "Any teacher worth his salt" ni mwalimu hasa, mwalimu anayeijua kazi yake, mwalimu aliyeiva. Kwa mtumishi anayelipwa unaweza kusema anaistahili mishahara yake, au analipwa kwa haki. Kwa kukanusha tunasema hafai, au hana analolifanya. Na ukitaka methali, ipo inayofanana na usemi huu kwa roho yake: chanda chema huvikwa pete. Kidole kizuri ndicho kinachovishwa. Lakini tazama tofauti. Katika methali yetu kidole kinakuwa chema kwanza, pete inafuata. Katika usemi wa Kiingereza chumvi imekwisha kuliwa, na sasa mlaji anadaiwa kuonyesha kwamba hakuila bure.

Katika mafunzo ya watunza hazina tuliyofanya Mikumi baadaye, niliwapa washiriki zoezi. Niliandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba dereva yeyote aliye worth his salt hapunguzi umakini ndani ya hifadhi usiku. Kama mnavyojua, barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na wanyama wanaogongwa pale si wachache. Majibu yalikuwa mazuri kuliko yangu. "Dereva aliyeiva." "Dereva hasa." Mmoja akasema "dereva ambaye leseni hakuinunua," tukacheka, kisha tukakubaliana kwamba hiyo ndiyo tafsiri iliyokaribia zaidi, maana ina ile dharau ndogo kwa wasiofaa. Mzee mwingine akasema huko hifadhini wanyama wenyewe hulamba udongo wenye chumvi na hakuna anayewauliza wamefanya kazi gani.

Tahadhari nyingine ni kwamba chumvi ya Kiingereza si moja. Mtu akiitwa "salt of the earth" amesifiwa kwa wema na unyofu, na hiyo inatoka moja kwa moja katika Mathayo sura ya 5, hivyo hatusumbuki nayo. Lakini mfadhili akisema taarifa fulani ameipokea "with a pinch of salt", anamaanisha hakuiamini yote. Sisi tunasema msimuliaji ametia chumvi. Wao wanasema msikilizaji ndiye ametia chumvi ili aweze kuimeza. Habari ni ile ile ya kuongezwa, ila kijiko kiko mkononi mwa mtu mwingine. Ukitafsiri haraka hapo unaweza kumfanya mfadhili akiri kwamba yeye ndiye aliyedanganya.

Na sisi pia tunawasumbua. Mwinjilisti wetu mmoja mstaafu, katika barua ya kuwaaga wageni, aliandika kwamba yeye amekula chumvi nyingi, akimaanisha umri umekwenda. Ofisi yetu ikatafsiri neno kwa neno. Jibu lilikuja na upendo mwingi, pamoja na maelezo ya kurasa mbili kuhusu shinikizo la damu na umuhimu wa kupunguza chumvi katika chakula. Mwinjilisti aliyasoma, akayahifadhi ndani ya Biblia yake, na kwa kweli alipunguza chumvi.

Sasa nirudi kwa Mama. Jumatano ile nilipanda pikipiki mpaka pale barabara inapoishia, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta anapepeta mpunga. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta. Alinipa muda wa kutosha wa kujua kwamba amekasirika.

Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa, kwa kifupi. Kwamba si thamani ya chumvi ya dukani. Kwamba ni sifa, kwamba maana yake ni mtu anayestahili ujira wake, na kwamba hakuna aliyesema wamekula kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza:

"Kwa hiyo chumvi ni mshahara?"

Nikasema ndiyo, kwa asili yake.

"Na anayesifiwa ni yule ambaye mshahara wake haukupotea bure?"

Nikasema ndiyo.

"Basi, Mratibu, wewe unasemwa hapo. Mchungaji anasemwa. Mimi silipwi. Chumvi yangu iko wapi ili nipimwe nayo?"

Ndugu wasomaji, nina shahada, na nimefanya kazi hii miaka mingi, lakini sikuwa na jibu. Nilianza kusema habari za kujitolea na nikajisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa mepesi. Kuna maandiko tunayoyapenda, kwamba mtenda kazi anastahili ujira, na yako katika Luka sura ya 10. Tunayasoma tunapochangia nyumba ya mchungaji. Sikumbuki tulipoyasoma kwa ajili ya mtunza hazina wa kamati ya maji.

Tukakaa tukahesabu. Si kwa ajili ya kulalamika, ila kwa kuwa Mama ni mtu wa hesabu na alitaka tuweke namba. Kila mwezi hushuka Kilosa mjini mara moja au mbili, benki na kununua vipuri vya mabomba. Nauli ya pikipiki na ya basi dogo ni yake. Akichelewa, analala kwa ndugu, na haendi kwa ndugu mikono mitupu. Siku za kuchimba mtaro, kamati hupika chakula cha wachimbaji, na mara nyingi mafuta na chumvi, chumvi kwa maana yake ya kawaida, vimetoka jikoni kwake. Simu ya kuulizia fundi ni yake. Haya yote kwa miaka sita hayakuonekana katika taarifa yoyote niliyowahi kuandika. Katika taarifa zangu kuna mstari unaosema "mchango wa wananchi", ambao ni nguvu kazi ya kuchimba, mawe na mchanga. Nauli ya mama huyu haikuwa mawe wala mchanga, hivyo haikupata mstari.

Nilimuuliza kama anataka alipwe. Akasema hapana, na akaeleza sababu yake vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Akilipwa mshahara, alisema, kila mtu atautaka ukatibu na uhazina, na watakaoupata ni wale wanaojua kusema. Pia siku mfadhili akiondoka mshahara utaondoka naye, na maji yatabaki bila mtu. Alichotaka ni kwamba kazi isimtoe yeye pesa mfukoni. Na alitaka barua zinazokuja ziwe zimeandikwa kwa mtu anayefanya kazi bure, si kwa mtu anayelipwa.

Niliwaandikia marafiki zetu. Niliwaeleza yote, pamoja na sehemu inayonihusu mimi na taarifa zangu. Nilisita kidogo kabla ya kutuma, maana tumezoea kuwapa wafadhili habari njema tu. Jibu lao lilikuja baada ya wiki tatu. Walikuwa wamesikitika kweli, na mwandishi wa barua ile ya kwanza alikiri kwamba hajawahi kufikiri usemi huo unasema nini. Kwao, alisema, ni maneno tu ya kawaida. Waliomba radhi kwa Mama, kwa jina lake, na safari hii nilitafsiri mwenyewe.

Katika bajeti ya mwaka uliofuata tuliongeza mstari wa gharama za uendeshaji wa kamati: nauli, daftari, muda wa maongezi, na chakula cha siku za kazi ya pamoja. Si fedha nyingi. Tumeanza kuuweka mstari huo katika maandiko yote ya miradi ya Kilosa na Mikumi, na kamati ambazo hazijauomba zinaombwa ziulizie. Wafadhili wengine wanauondoa kwa kuwa hawagharamii utawala. Tunaendelea kuwaeleza kwamba mtu akienda benki kwa ajili ya kijiji hajaenda kufanya utawala.

Kwa upande wa barua, tumekubaliana mambo machache na ofisi. Barua zinazokuja kwa kamati zinapitiwa na watu wawili kabla ya kusomwa hadharani. Tumewaomba wanaotuandikia watumie maneno ya wazi, na wakitaka kusifu wasifu moja kwa moja, kwa mfano waandike kwamba stakabadhi za miaka sita zilizofungwa kwa uzi ni kazi nzuri. Kijana aliyetafsiri mwanzoni hakuondolewa. Alikuwa ametafsiri kilichoandikwa, na sasa anajua kuuliza.

Mama alirudi kwenye kamati baada ya mwezi. Alimwambia Mchungaji ampe ufunguo, naye Mchungaji akautoa pale pale mfukoni. Daftari jipya ameanza kuliandika mwenyewe, safu tatu, tarehe upande wa kushoto. Robo ya kwanza nilipolikagua nilikuta katika matumizi ya siku ya kuchimba mtaro, chini ya unga na maharage, ameandika: chumvi, paketi 2. Nikamuuliza kama kuna stakabadhi. Akaitoa kwenye kopo.

"Hiyo ndiyo tuliyokula," akasema. "Andika."